Abiria wa Nyongeza

Kudra alikataa kupanda.

Lilikuwa jambo dogo, lakini halikuwa la kawaida. Matano alikuwa ameleta nyumbani pikipiki nyingi, na kila moja mtu wa kwanza kuipanda alikuwa binti yake huyo wa miaka saba. Alimweka nyuma akamzungusha mtaa mzima wa Majengo, pale Mbeya, mtoto akiwapungia watu mkono kama mke wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Jioni ile ya ukungu Kudra alisimama barazani, akaitazama pikipiki, akarudi kinyumenyume mpaka akaugusa mlango.

"Panda, mama," Matano alimwambia.

"Nitakaa wapi, baba?"

"Nyuma. Si ndipo mahali pako?"

"Pana mtu."

Matano alicheka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Alikipapasa kwa kiganja ili mtoto aone, akakikuta kina joto, joto la mahali alipoinuka mtu sasa hivi. Akajiambia ni la injini, akaiingiza pikipiki ndani.

Kazi yake ilikuwa kununua pikipiki zilizotumika kidogo na kuziuza tena. Pikipiki mpya ikishatoka dukani na kutembea maili elfu tu, robo ya bei yake imeshayeyuka, na chuma chenyewe hakina habari. Matano aliishi ndani ya robo hiyo. Alinunua kwa Wazungu waliokuwa wakirudi kwao, na kwa wakulima waliopata pesa mwaka wa bei nzuri ya kahawa kisha wakaogopa makorongo. Jicho lake lilikuwa kali. Ubaya wake ulikuwa mmoja, nao watu wa soko lote waliujua: hakununua kitu bila kuomba nyongeza. Hata fungu la nyanya, lazima moja iongezwe juu. Alikuwa amemfundisha Kudra mchezo huo. Akimpa kitu, mtoto hukinga mkono wa pili na kuuliza, "Na nyongeza je?" Baba hujibu, "Haya, chukua," na mtoto humaliza, "Nimekubali!" Walicheka kila mara kana kwamba ni jambo jipya.

Ile pikipiki aliinunua asubuhi kwa Anyitike, mkulima wa kahawa kutoka Tukuyu aliyehamia Iyunga. Ilikuwa kubwa, ya safari ndefu, usukani mpana, kiti cha chini kama kochi. Mita ilionyesha maili mia tisa tu. Tairi ya mbele bado ilikuwa na vile vinyweleo vya upya; ya nyuma ilikuwa imelika, na springi za nyuma zimelala. Mtu mwenye akili angeuliza: Anyitike anaishi peke yake, sasa anampakia nani? Matano aliyaona yote hayo, na badala ya kuuliza akayatumia kushusha bei. Walipokubaliana akakinga mkono.

"Na nyongeza je?"

"Nyongeza ya nini?" Anyitike alisema. "Hii pikipiki, bwana. Si mchele."

"Hata kamba ya kufungia mzigo. Kuondoka mkono mtupu ni mkosi, ndugu yangu."

Anyitike alikitazama kile kiti cha nyuma kwa muda mrefu. "Mimi nilitaka kuuza pikipiki peke yake," alisema polepole. "Yeye abaki hapa na mimi. Lakini umeomba mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nimeomba."

"Basi chukua na abiria wa nyuma. Umekubali?"

"Nimekubali!" Matano aliangua kicheko. Alidhani Mnyakyusa yule anatania.

Mwantumu, mkewe, ndiye aliyeanza kusikia. Pikipiki ililala chumba cha mbele, na kila magharibi springi zake zililia, nyaa, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi, udongo uliochimbuliwa leo. Asubuhi moja alikuta nyayo za maji sakafuni. Zilianza kwenye pikipiki zikaishia kwenye mkeka wa Kudra, na mtoto alikuwa amejikunja pembeni kabisa, nusu ya mwili iko chini kwenye saruji baridi.

"Mbona umelala hivyo?"

"Namwachia mgeni nafasi," Kudra alinong'ona. "Anasema amechoka kukaa juu ya chuma. Anataka kukaa kwangu."

"Kwako wapi?"

Mtoto aliweka mkono kifuani pake.

Tangu siku hiyo Kudra alikonda. Mabega yalimwinama kama ya mtu aliyetwishwa kuni, na dawa za hospitali hazikumsaidia kitu. Matano alitaka jambo moja tu duniani: pikipiki itoke nyumbani. Jailos, dereva wa basi, alikuja kuijaribu. Aliondoka akiiendesha kwa mbwembwe, akarudi akiisukuma kwa miguu, midomo imemkauka.

"Bwana Matano, mbona hukusema tutakuwa wawili?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Amenishika kiuno, bwana. Mikono ya baridi."

Pikipiki iliyosemwa vibaya hupoteza thamani kuliko iliyopinduka. Iliyopinduka hunyooshwa, iliyosemwa inanyooshwaje? Matano alishusha bei mpaka nusu, kisha chini ya nusu, na watu walikuja kuitazama kwa mbali wakiwa wamefumbata mikono.

"Tamaa mbele, mauti nyuma," Mwantumu alisema huku akilia. "Nilikuwa naisikia kwa watu tu. Sasa inalala ndani mwangu, karibu na mwanangu."

Matano akairudisha Iyunga. Anyitike hakubishana hata kidogo. Alileta pesa zote, hazijapungua.

"Pikipiki nitapokea," alisema. "Nilikuuzia, naweza kurudisha. Lakini yeye sikukuuzia. Yeye nilikupa."

"Ni nani huyo?"

"Sijui. Nilikuwa natoka Chunya, ukungu umeshuka, mtu amesimama kando ya barabara. Akaomba lifti. Nilimwambia, panda." Anyitike alizisukuma pesa mezani. "Hajashuka mpaka leo."

Matano alizitazama pesa zake. Kisha likamjia wazo: akikosa kiti hiki, yule atakaa wapi? Aliziacha pesa mezani, akairudisha pikipiki nyumbani.

Iringa alikuwako Bi Mwanakhamisi, mama mkubwa wa Mwantumu, mwanamke mkali wa ulimi aliyejulikana kwa kupunga majini. Alfajiri Mwantumu alifukiza ubani kwenye mkeka wa mtoto, na Matano akawasha injini pale mlangoni, akasema, "Mgeni, safari. Panda." Kwa kitambo hakukuwa na kitu. Kisha springi zikalala taratibu, na ndani Kudra akavuta pumzi ndefu, akajinyoosha katikati ya mkeka.

Njia nzima Matano hakugeuka. Alipita Chimala, akapita Igawa, vumbi likimjaa kinywani, na mpaka hapo alikuwa bado anajiambia kwamba uzito ule mgongoni ni uchovu. Lakini baada ya Makambako ukungu ulishuka barabarani mchana kweupe, na ndani ya ukungu ile harufu ya udongo ikamjaa puani, na mikono miwili ya baridi ikapita chini ya koti lake ikakutana tumboni, na kidevu, kidevu kigumu chenye umande, kikalala juu ya bega lake la kushoto kama kidevu cha mtoto aliyesinzia, na sauti ikaanza kumhesabia watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja, jina la mkewe, jina la mama yake aliyekufa, jina la Kudra, na kila ilipofika kwa Kudra ilirudia, ikarudia, ikarudia, mpaka Mafinga ikapita na Matano hakujua kama imepita, machozi na vumbi vimekuwa tope mashavuni.

Bi Mwanakhamisi alikuwa uani anapepeta mchele. Aliinua uso, akaacha kupepeta.

"Simama hapohapo," alisema. "Mmekuja wawili."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisogee."

Alileta chetezo, akasoma, akamzunguka. Alisoma mpaka sauti ikamkauka. Kaa la moto likazimika, akaliwasha, likazimika tena. Kila alipotaja neno la kumtoa, springi zililia kidogo, kama mtu anayecheka amefumba mdomo. Mwishowe aliketi juu ya kinu, jasho linamtiririka.

"Huyu hafukuziki, mkwe wangu. Hakuingia kwa wizi. Wewe ulimwomba, ukapewa, ukakubali. Atatoka hivyohivyo. Apatikane mtu amwombe kwa kinywa chake, wewe umpe, naye akubali. Ni wewe tu, si mwingine, maana sasa yuko mgongoni kwako. Uza pikipiki yako, na atakayeomba nyongeza, mpe huyu."

"Na yule mtu atakuwaje, mama?"

Bi Mwanakhamisi alichukua ungo wake. "Nawe ufunge ulimi," alisema. "Mpaka siku hiyo usimpe mtu chochote cha kuongeza."

Mnunuzi alipatikana sokoni Iringa, mwalimu wa shule ya misheni kutoka Kalenga, jina lake Fanueli. Alikuwa amefuatana na mkewe Damari, mjamzito, amebeba ndizi kichwani.

"Kamwene," Fanueli alisalimia. "Unataka ngapi?"

Matano alitaja bei. Fanueli akaanza kutoa pesa.

"Huombi nipunguze?" Matano aliuliza, akashangaa.

"Bei yako ni nzuri. Nikuombe upunguze kwa nini?"

"Nakupunguzia mwenyewe." Akaishusha, akaishusha tena, mpaka bei ile ikawa ya baiskeli. Fanueli alipokea kila punguzo kwa haya. "Sasa omba nyongeza," Matano alisema. "Kila mtu anaomba."

"Umeshanipa kikubwa, bwana."

"Omba tu! Neno moja. Nakusihi, ndugu yangu."

Fanueli alimtazama macho yale mekundu, akamwonea huruma. Damari alikuwa ameshika tumbo lake, anarudi nyuma taratibu, kama Kudra siku ile.

"Sisi hatuombi," Fanueli alisema kwa upole. "Ukitaka kutupa, tuombee kwa Mungu."

Waliondoka juu ya pikipiki ile, mke nyuma, na springi hazikulia. Matano alibaki sokoni na uzito wake mgongoni. Alikuwa amechukia wema wa mtu yule kuliko alivyowahi kuchukia uovu wa mtu, na papo hapo aliona haya mpaka akataka kufa.

Basi la kurudi lilijaa hadi mlangoni, lakini kiti cha pembeni yake hakuna aliyekikalia. Watu walikitazama, wakachagua kusimama. Matano aliapa humo njiani: hatauza tena, hatanunua tena, atakaa nao mzigo huu yeye mwenyewe mpaka azikwe nao. Kudra apone, basi. Kiapo hicho kilimpa nguvu, na kwa mara ya kwanza tangu Iyunga alisinzia.

Alipofika Mbeya kulikuwa kumekucha, jua linapasua ukungu juu ya mlima Loleza. Kudra alikuwa ameketi ngazi ya baraza. Mashavu yamerudi. Mabega yamenyooka. Alimwona baba yake kwa mbali, akapiga kelele, akakimbia mbio ambazo Matano hakudhani ataziona tena, akamrukia miguuni, na Matano akalia waziwazi mbele ya majirani bila kujali.

"Umeniletea nini, baba?"

Alikuwa amemnunulia kashata mbili stendi ya Iringa. Alitoa moja kwenye karatasi, akampa. Alikuwa anamwangalia meno, lile pengo la mbele, anavyocheka, na moyo wake ulikuwa umejaa furaha hata hapakubaki nafasi ya kitu kingine.

Mtoto alikinga mkono wa pili.

"Na nyongeza je?"

"Haya, chukua," Matano alisema, akaingiza mkono kwenye karatasi.

"Nimekubali!"

Mgongo wake ukawa mwepesi. Ulikuwa mwepesi ghafla, na mkavu, na jua likaupiga. Alisimama na kashata ya pili mkononi, kinywa wazi. Mlangoni Mwantumu alikuwa ametokea na sufuria ya uji, anatabasamu, kisha akanusa hewa, na tabasamu likamtoka.

Kudra hakuipokea kashata ile. Alirudi barazani polepole, mabega yameinama, akaketi katikati ya ngazi. Aliweka mkono kifuani pake, na hakusogea pembeni kumwachia mtu nafasi.