Bandeji ya Mama Elmina

Agosti 1996, uvimbe wa Lenah Bitutu uliacha kukua.

Ulikuwa chini ya bega la kushoto, mahali mkanda wa kapu la majani chai ulipokuwa ukikaa. Kisu hakikufaa, mshipa mkubwa ulikuwa karibu. Daktari Chepkosgei, aliyekuwa akichunguza jinsi mgandamizo unavyoathiri uvimbe, alichukua kipande kidogo akakihifadhi kikiwa hai katika maabara ya hospitali, Kericho. Kilipobanwa kidogo kilinenepa. Kilipobanwa sana kilitulia. Akaja kambi ya wachumaji karibu na Mogogosiek na bandeji pana ya mpira.

"Daktari, unafunga mtu ama gunia?" Bitutu aliuliza, akicheka.

"Vumilia, Mama Elmina. Ikilegea, huu uvimbe utaingia mapafuni."

Elmina alikuwa mtoto wa pekee wa Bitutu. Alikufa kwa malaria mwezi wa Machi, mgongoni mwa mamake, kwenye foleni ya kupima majani.

Jumapili moja alasiri, mvua ya mawe ikipiga mabati, Osoro, mumewe, alisikia harufu ya maziwa yaliyochacha. Kisha sauti.

"Ni paka," alisema.

"Paka gani, Baba Elmina? Weka sikio hapa."

Aliweka. Chini ya bandeji, mahali pasipo na koo wala mdomo, kitu kilikuwa kikilia kwa pumzi fupi fupi, kikikatika, kikianza tena, na kila Bitutu alipovuta hewa bandeji ilikaza na kilio kikazidi kuwa chembamba, hadi Osoro akakitambua, kwa sababu ndivyo Elmina alivyolia siku ya mwisho, naye akarudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia.

"Huyo si mtoto wetu," alinong'ona. "Hiyo ni pepo imeazima sauti yake. Wacha ibanwe."

"Hata mimi najua si yeye," Bitutu alisema. "Lakini sikia vile inakosa hewa."

Alifungua bandeji. Kilio kikanyamaza.

Bitutu hakukubali tena kufungwa, hata Osoro alipopiga magoti. Mwisho wa Septemba uvimbe ulikuwa umefika shingoni.

"Huu uvimbe utakuua, mama," Daktari alimwambia.

"Ongea polepole, Daktari. Imelala."

Bitutu alikufa tarehe tisa Oktoba. Mochari, Daktari Chepkosgei alimshika mkono. Ulikuwa baridi. Akagusa uvimbe. Ulikuwa na joto.

Akamwita Osoro, naye akaweka kiganja pale. Aliomba leso, akaufunika usishikwe na baridi.