Bhubesi na Wifi Asiyepaza Sauti

Kila asubuhi Siphosethu alifagia ua, akamwekea Bhubesi makombo ya uji wa mahindi, kisha akaenda shule. Bhubesi alikuwa mbwa mzee wa nyumba yao. Alipomaliza kula alimfuata Nosakhele, mke wa kaka yake Siphosethu, hadi mtoni kuteka maji. Nosakhele alikuwa ameolewa baada ya mavuno.

Ghafla mambo yakabadilika. Nosakhele alipokaribia, Bhubesi alinguruma na kumtolea meno.

"Mbwa huona tusichokiona," Shangazi Nozipiwe alinong'ona. "Huyo amekuja na kitu cha kichawi."

Maneno yakafika mtoni. "Sipho, wifi yako anafuga nini chini ya blanketi?" wasichana walimcheka. "Usiku atakupanda kama farasi!"

Siphosethu akaanza kumvizia wifi yake. Alitazama mikono yake, akachungulia vyungu vyake. Nosakhele alipompa chai, Siphosethu alisema, "Sina kiu," ingawa koo lilikuwa limemkauka. Nosakhele aliinamisha macho, akaondoka na kikombe.

Jumamosi wazee walikaa karibu na zizi. Shangazi alitaka Nosakhele arudishwe kwao siku hiyohiyo. Siphosethu alikuwa akipita na beseni kichwani, mdomo umejaa mahindi ya kuchoma. Bhubesi akasimama, akamngurumia!

Siphosethu alimeza haraka. "Bhubesi, ni mimi!"

Mara mkia ukatikisika. Siphosethu aliinama, akamtazama. Macho ya mbwa yalikuwa meupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Alipunga mkono mbele yake. Hakuyapepesa.

Aliomba kimoyomoyo, "Bwana, nipe ujasiri," kisha akawaendea wazee.

"Baba, naomba kusema. Bhubesi haoni. Sisi sote hupita tukipiga kelele, naye hutujua kwa sauti. Wifi hapazi sauti."

"Siku hizi watoto ndio wanatufundisha?" Shangazi alifoka.

"Mwache, dada," baba alisema. Akamgeukia Nosakhele aliyesimama mbali, kichwa kimefunikwa. "Mwanangu, mwite mbwa."

Nosakhele alisita. Mke mgeni hapazi sauti mbele ya baba mkwe wake.

"Leo nakuruhusu. Ita."

"Bhubesi!" Sauti ilitetemeka. "Bhubesi, njoo!"

Mbwa alikwenda mbio, akaigonga ndoo njiani, akaegemea miguu ya Nosakhele huku mkia ukicheza. Shangazi alivuta blanketi lake, akaangalia chini.

Jumatatu baba alimpeleka Bhubesi kwa daktari wa mifugo, ambaye alikuta mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Pua nayo ilikuwa imechoka kwa uzee.

Jioni, baada ya sala, baba alisema, "Mbwa mzee akibadilika ghafla, msimkaribie ovyo, na msimtafute mchawi. Mtafuteni daktari. Huenda anaumwa, huenda haoni. Tulikuwa karibu kumfukuza binti wa watu kwa sababu ya adabu yake. Mungu atusamehe. Dada, una neno?"

"Nisamehe, mwanangu," Shangazi alimwambia Nosakhele kwa sauti ndogo.

Siphosethu alisogea karibu na wifi yake. "Wifi, ile chai... bado ipo?"

Nosakhele alicheka. Tangu siku hiyo alipita uani akiimba nyimbo za kanisani, na baba mkwe wake hakumkataza.