Namba Isiyo na Pacha

Duka la simu lilikuwa limefurika watu, na dada mmoja, fundi miwani, ndani ya gauni la kijani lililomkaa utadhani kazaliwa nalo, alilazimika kupaza sauti kumtajia mhudumu namba yake.

"Sifuri, tatu, nane, moja, sita, tano, nne, saba, mbili, tisa."

"Samahani, dada, hebu irudie," sauti ya kiume ikasema nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi, vumbi la chaki mkononi.

"Niirudie ili iweje? Unisumbue jioni?"

"Hapana! Mimi mwalimu wa hesabu. Iache sifuri ya mbele: 381654729. Ina tarakimu zote, moja hadi tisa, na hakuna inayojirudia. Mbili za kwanza, thelathini na nane, zinagawanyika kwa mbili. Tatu za kwanza, kwa tatu. Nne, kwa nne. Hivyo hivyo mpaka zote tisa kwa tisa, bila baki. Na ukizipanga tarakimu hizo upya unavyotaka, hupati nyingine yenye tabia hiyo. Ni hiyo tu!"

Fundi miwani akatoa simu, akagawanya. Alipofika kwa saba alingoja kwa hamu mgeni aumbuke. Wapi! Ikagawanyika.

"Wanaume mna mbinu," akacheka. "Namba hujaiomba, na tayari iko kichwani mwako."

Jioni hiyo mwalimu akapiga. Na kesho yake. Mapenzi yakakolea hata dada yake fundi miwani akawa anamtania, "Sikio lako litaota simu."

Mchana mmoja fundi miwani alimpitia mwalimu shuleni bila kumwambia. Nje ya ofisi ya walimu akasikia sauti yake: "Nisiwafiche, ni ile namba. Bila namba ile ningempita kama nguzo ya umeme." Wenzake wakaangua kicheko.

Kumbe alipendewa tarakimu! Akaondoka kimya, akaivunja laini, akanunua nyingine. Wateja wakaona macho yake yamevimba; akasingizia mafua.

Baada ya wiki kadhaa mwalimu aliingia dukani kwake, amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Umeifuata namba yako?" fundi miwani akauliza, akiendelea kusugua kioo kilichokwisha takata. "Nilikusikia shuleni. Eti nguzo ya umeme."

Mwalimu akasogea karibu na meza. "Nilisema, na ni kweli. Mimi mbele ya msichana ulimi hunifunga. Siku ile nilikuona tangu mlangoni, nikakosa la kusema. Namba ilinipa neno. Lakini usingizi sikuukosa kwa ajili ya namba, mpenzi."

Fundi miwani akaandika namba ya laini mpya kwenye karatasi, akamsukumia. "Haya, hii ina maajabu gani?"

Mwalimu akaikodolea macho, midomo ikicheza. "Haina. Imevurugika kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitaipiga asubuhi na jioni. Na nataka kuja kwenu kuposa, kama bado nina nafasi."

Fundi miwani alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni, na machozi yakamtoka huku anacheka.

"Njoo Jumapili. Mama kila siku ananiuliza mkwewe kapotelea wapi, nami nimeishiwa uongo. Ila nyoa hizo ndevu!"