Zamu ya Kupunga Upepo

Waendesha baiskeli walikuwa tayari wanatawanyika, kila mmoja akishika njia ya kwao, kengele zikilia kama za shule wakati wa kutoka. Safari ndefu ya kuchangisha fedha za viti vya magurudumu kwa ajili ya wodi ya watoto ilikuwa imekwisha. Mwalimu wa hesabu alikata kona akipunga mkono. Muuguzi, aliyekuwa kiongozi wao, aligeuka juu ya tandiko akapaza sauti:

"Njiti! Jumamosi hospitalini! Wewe ndiye utakayesema kwa niaba yetu!"

Njiti, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwembamba kama jina lake la utani, aliitikia kwa kichwa tu. Mjomba wake, fundi baiskeli, alimsaidia kuingiza baiskeli uani.

"Leo utalala mpaka godoro likuombe uondoke," alimtania.

Njiti hakucheka. Alikuwa na donge rohoni.

Donge lenyewe lilikuwa hili. Safari nzima hawakumruhusu kukaa mbele hata mara moja. Kila alipokanyaga pedali awapite, mjomba alimwambia, "Rudi nyuma yangu, mama. Zamu yangu kupunga upepo." Mjomba akichoka, muuguzi alimpita na kusema vilevile, "Sasa niacheni na mimi nikapunge upepo kidogo," na watu wazima wote wakaangua kicheko. Njiti aliona wanajilia raha zao huko mbele, yeye wamemwachia migongo ya kutazama.

Shuleni mambo yakawa mabaya zaidi. Kwenye ubao wa matangazo ilibandikwa picha ya msafara. Mjomba alikuwa mbele, ameinamia usukani, na nyuma yake kilichungulia kiwiko kimoja. Kiwiko hicho ndicho kilichokuwa Njiti.

"Haya, bingwa wetu yuko wapi?" aliuliza mwanafunzi mwenzake, aliyeitwa Domo kwa sababu ambazo kila mtu alizijua. "Ala! Kumbe ni kiwiko! Jamani, msalimieni Kiwiko!"

Kufikia saa ya mapumziko, darasa zima lilikuwa linamwita Kiwiko.

Jioni Njiti alimwambia mama yake, "Jumamosi nitasema ukweli mbele ya watu wote. Mjomba alinificha nyuma ili apigwe picha yeye."

Mama, aliyekuwa akishona sare, alitoa pini mdomoni. "Kaka yangu huyu ninayemjua mimi?"

"Huyo huyo."

"Mh. Basi kabla Jumamosi haijafika, kesho nipelekee sare hizi kwa shangazi yako."

Ijumaa baada ya masomo, Njiti alifunga sare kwenye keria akaondoka. Barabara ya kwa shangazi ilinyooka katikati ya mashamba matupu. Baiskeli ilikwenda kama inayojiendesha yenyewe. "Wangeniona sasa!" alijisemea, akaimba mpaka alipofika.

Wakati wa kurudi, upepo uleule uliomsukuma mgongoni ulimkabili usoni. Alikanyaga, baiskeli ikagoma. Vumbi lilimjaa machoni, sketi ikapiga kelele kama bendera. Katikati ya njia alishuka, akaanza kukokota baiskeli huku machozi yakimtoka. Kwao bado kulikuwa mbali.

Muuza maziwa, baba mmoja mwenye mgongo mpana kama mlango, alimpita kwa baiskeli iliyofungwa madumu matupu.

"Panda, binti! Kwa mwendo huo utafika ukiwa bibi!"

Njiti akapanda baiskeli yake, akamfuata kwa karibu. Ghafla upepo ukanyamaza. Sketi ikatulia, pedali zikawa nyepesi. Alijitokeza kando kidogo, upepo ukamzaba kibao. Akarudi nyuma ya ule mgongo: kimya. Na kimya kile alikuwa anakijua. Safari nzima ya viti alikuwa ameiendesha ndani yake.

"Wee, mbona umenigandia kama kupe?" muuza maziwa aliuliza.

"Samahani, baba. Huku nyuma yako hakuna upepo."

"Upo, mwanangu. Ila naumaliza mimi!"

Njiti hakupitia nyumbani. Alinyoosha mpaka kwenye karakana ya mjomba. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, mguu umelazwa juu ya tairi kuukuu, akilikanda goti kwa kitambaa cha maji moto. Lilikuwa limevimba.

"Shikamoo, mjomba. Goti limekuwaje?"

"Marahaba. Ni ule upepo wa siku tuliyoteremka kutoka milimani. Litapoa."

"Lakini siku ile mlikuwa mnacheka!"

"Tungelia, wewe ungeendelea?"

Njiti aliketi chini kando ya tairi. "Mjomba, kupunga upepo si ni kustarehe?"

"Ndiyo. Ndiyo maana tukacheka."

Njiti alichukua kile kitambaa, akakikamua, akaanza kulikanda goti yeye mwenyewe. "Nilitaka kukusema vibaya kesho."

"Mama yako amenidokeza. Nikamwambia amwache mtoto, mdomo ni wake."

Jumamosi viti vipya vilipangwa barazani mwa wodi, na mtoto mmoja alikuwa keshaanza kuzunguka na chake huku akimkimbia daktari. Njiti alisimama mbele ya wageni na wanafunzi wenzake. Maneno aliyoyaandaa aliyaacha.

"Mimi ndiye kile kiwiko kwenye picha," alisema, na watu wakacheka. "Nilifika kwa sababu wenzangu walinikingia upepo, na mimi nikadhani wananizibia njia. Mjomba, asante. Mama muuguzi, asante. Mwalimu, asante."

Muuguzi alimshika bega, akawageukia wanafunzi. "Mmemsikia. Kabla hujajisifu kwamba umefika, na kabla hujanung'unika kwamba umezuiwa, tazama kwanza ni nani aliyesimama upande unakotoka upepo. Ukimwona, mshukuru angali anasikia."

Goti la mjomba lilipona, ingawa siku za mvua humsumbua. Viti bado vinatumika. Muuza maziwa bado anauza maziwa, na Njiti humsalimu kwa kengele. Picha ilipauka, ikabanduliwa. Domo alijifunza baiskeli, akatumbukia mtaroni, akajifunza upya. Msafara uliofuata naye alikuwemo, akilalamika njia nzima kwamba hapewi nafasi ya kwenda mbele.

"Rudi nyuma yangu," Njiti alimwambia. "Zamu yangu kupunga upepo."