Kibodi ya Vipande Viwili

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengi walikimbilia uwanjani. Cherehani alishika njia ya chumba cha kompyuta. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Wenzake walimbandika kwa sababu vidole vyake vikigusa kibodi vilitoa mlio usiokatika, utadhani kuna mtu anashona shuka kwa cherehani nyumba ya jirani. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na shule nzima hakuna aliyechapa haraka kama yeye, walimu wakiwemo.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa amemteua kuiwakilisha shule katika mashindano ya kuchapa. Kila shule ilitoa mchapaji mmoja na mwingine wa akiba. Wa akiba alikuwa msichana wa darasa lao aliyeitwa Kimya, ambaye angeweza kumaliza siku nzima kwa maneno kumi. Zilikuwa zimebaki wiki kumi.

Cherehani alikuwa na kibodi yake nyumbani, zawadi ya kufaulu mtihani. Aliichagua mwenyewe dukani kwa sababu ilikuwa na taa za rangi saba zilizokimbizana chini ya herufi. Ilikuwa nene kama tofali na vitufe vyake vigumu. Aliiweka juu ya meza ya kulia chakula, ambayo akikaa ilimfika karibu na kifua, akafanya mazoezi saa mbili kila jioni.

Baada ya wiki mbili, kifundo cha mkono wake wa kulia kilianza kuwaka moto. Alijiambia ni uchovu tu. Kisha dole gumba na vidole viwili vinavyolifuata vikawa vinakufa ganzi. Mwalimu alipomuuliza kwa nini anakung'uta mkono, alijibu kwamba anafukuza nzi. Mama alipomuuliza kwa nini anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto, alisema anajifunza kutumia mikono yote miwili. Alijua kwamba akisema ukweli, nafasi yake itakwenda kwa Kimya, na hilo hakutaka hata kulifikiria.

Jumamosi moja alikuwa kwenye karakana ya baba yake, fundi seremala. Baba alimwomba amletee kopo la vanishi. Katikati ya safari vidole viliachia vyenyewe. Kopo lilianguka juu ya mlango ambao baba alikuwa ameupiga msasa siku mbili, na vanishi ikasambaa kote. Cherehani alisema limeteleza. Baba hakuutazama mlango. Alitazama ule mkono ambao binti yake alikuwa ameubana kwapani.

"Mlango nitaupiga msasa tena," alisema. "Mkono wako siwezi. Niambie ukweli, mwanangu."

Machozi yalimtoka, na maneno yakafuata. Alisimulia yote, kuanzia maumivu mpaka yule nzi wa uongo.

Jumatatu walikwenda zahanati kumwona mtaalamu wa viungo. Mtaalamu huyo alimbonyeza kifundo, kisha akamwambia aonyeshe anavyochapa, hapohapo juu ya meza. Alipoona, alitikisa kichwa. Alieleza kwamba mikono ya Cherehani inakunjwa kwenda juu na kupindishwa nje kwa saa nyingi, na mshipa wa fahamu unaopita kifundoni unabanwa. Aliagiza apumzike wiki mbili, afanye mazoezi ya kunyoosha vidole, na abadilishe meza na kibodi. Akaongeza kwamba wamewahi; kama angeendelea kuficha, siku moja mkono ungeshindwa hata kufunga kifungo cha shati.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, kumwambia mwalimu. Cherehani alikwenda peke yake. Mwalimu alimsikiliza, akamshukuru kwa kusema, kisha akamweleza wazi kwamba Kimya atashika nafasi yake kwa sasa. Wiki moja kabla ya mashindano watapimwa wote wawili, na mwenye kasi ndiye atakayekwenda.

Dukani, miguu ya Cherehani ilimpeleka moja kwa moja kwenye kibodi zenye taa. Baba alimvuta taratibu.

"Mimi nikinunua randa, naishika kabla sijaitazama," alisema. "Fumba macho, uniambie mikono inasemaje."

Muuzaji alimpangia kibodi nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu kwenda juu, vifundo vikakunjika. Ya pili ilikuwa nyembamba, ila vitufe vyake vilitaka nguvu. Ya tatu ilikuwa ndogo mno, ikambana mabega kama mtu aliyekaa katikati ya wanene wawili. Ya nne ilikuwa vipande viwili, kila mkono na chake, na kila kipande kimeinuka kidogo upande wa ndani. Mikono yake ililala juu yake ikiwa imenyooka, kama inavyolala juu ya mapaja mtu akipumzika. Alifumbua macho akaona kitu cha kijivu, kama kibodi iliyopasuliwa kwa shoka. Alicheka, lakini akasema ni hiyo.

Baba naye aliikata miguu ya meza, mpaka Cherehani akikaa, mabega yanalegea na viwiko vinakuwa usawa wa kibodi.

Wiki mbili za mapumziko zilipokwisha, aliipeleka kibodi mpya shuleni. Siku ya kwanza alichapa maneno kumi na saba kwa dakika, yeye aliyezoea hamsini. Aligundua kwamba miaka yote alikuwa akiibonyeza B kwa mkono wa kulia, na sasa B ilikuwa kwenye kipande cha kushoto. Kidole kilikuwa kinadunga hewa. Alikusudia kuandika "Baba amebeba bati". Kimya aliinama akaisoma skrini kwa sauti ya mtangazaji wa habari: "Aa ameea ati." Walicheka mpaka mwalimu akaja kuangalia kulikoni.

Tangu siku hiyo Kimya alimsomea maneno ya mazoezi, na kila dakika ishirini alimgusa bega apumzishe mikono. Maneno kumi na saba yakawa thelathini, thelathini yakawa arobaini. Ganzi ilikwisha. Siku ya kupimwa, Kimya alipata arobaini na sita, Cherehani arobaini na tisa. Kimya alimpa mkono, akasema yeye ndiye atakayembebea kibodi.

Kanuni ziliruhusu kila mchapaji kuja na kibodi yake. Siku ya mashindano ilipofika, mwamuzi aliigeuza ile ya Cherehani juu chini, akairudisha. Wachapaji wa shule nyingine walinong'onezana kwamba maskini, yake imevunjika. Kazi ilikuwa kuchapa nusu saa bila kusimama. Dakika ya kumi, wawili walikuwa mbele yake. Dakika ya ishirini, mmoja alikuwa anakung'uta mkono na mwingine anajikanda bega. Cherehani alisikia mlio wake mwenyewe, sawasawa, haupandi wala haushuki. Kengele ilipolia alitaka kuendelea.

Maneno hamsini na nne kwa dakika, makosa mawili. Wa kwanza. Kimya, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alipiga kelele mpaka mwamuzi akamwomba akae.

Jumatatu iliyofuata kikombe kilionyeshwa mbele ya shule nzima, na mwalimu akamwomba baba yake Cherehani, aliyekuwa amealikwa, aseme neno. Fundi seremala alisimama, akauliza ni nani kati yao anaumwa mkono, shingo au mgongo akitumia kompyuta, na hajamwambia mtu. Kisha mkono mmoja uliinuka, na mwingine, mpaka ikawa mikono kumi na mmoja. Wa kumi na mbili ulikuwa wa mwalimu wa kompyuta.

"Binti yangu ni hodari," baba alisema, "lakini hodari anayeficha maumivu anajiharibu mwenyewe. Chagueni kifaa kinachoufaa mwili wenu, si kile kinachopendeza macho. Na mkiumwa, semeni mapema, kama mlivyosema sasa hivi."

Mwalimu alitoa kalamu na karatasi. Alianza kuorodhesha majina, la kwake likiwa juu.