Mlio wa Msitu wa Wusi

Haya yalimkuta rafiki yangu Syombua, wa pale Voi. Kila walipopanda mlimani hadi msitu wa Wusi kutazama ndege, mwenzake Priscilla alimwona ndege mmoja adimu, naye Syombua akaambulia majani tu. Wivu ukamkaba. Siku moja akamtangulia kwa siri, akacheza mlio wa ndege huyo kwenye simu ili ndege amjibu.

“Leo ni wangu peke yangu,” alinong'ona ndani ya ukungu.

Kimya. Kisha, juu mtini, sauti ya Priscilla ikajibu, “Syombua, uko wapi?”

Mtini hapakuwa na mtu. Syombua alishuka mbio hadi barabarani, akamkuta Priscilla ndio kwanza anashuka kwenye bodaboda. Priscilla alitabasamu, akafungua kinywa kumsalimu, ukatoka mlio ule ule wa kwenye simu.