Rwamba na Kishikio cha Hewa

Kila Jumamosi Rwamba aliosha vyombo vya shangazi yake upesi, kisha akashika njia ya kwenda kwenye kidimbwi cha kuogelea nje kidogo ya mji wa Meru. Huko kulikuwa na chama cha wapenzi wa kuzamia majini kwa vifaa vya zamani. Rwamba, msichana wa miaka kumi na mitatu aliyehamia kutoka Laare, ndiye aliyekuwa mgeni, nao hawakumwacha asahau hata kidogo.

“Si huko kwenu mnajua tu kuchuma miraa?” Linda alimwuliza mbele ya wenzake. Linda alikuwa akizamia tangu gredi ya nne. Wote wakacheka, na Rwamba akaumia moyoni.

Mitungi ya hewa ya zamani haina saa ya kuonyesha hewa iliyobaki. Ina kishikio kinachokaa mgongoni mwa mzamiaji. Kikiwa juu, hewa kidogo huwekwa akiba. Pumzi ikianza kuwa nzito, mzamiaji hukivuta chini, akapata hewa ya kumrudisha juu. Kwa kuwa hakuna anayeuona mgongo wake, ilikuwa desturi mwenzako akukagulie.

Siku hiyo Linda alimvisha Rwamba mtungi uliotumika asubuhi, uliobaki na hewa kidogo tu. Akakivuta kishikio chini polepole, akamkonyeza rafiki yake Munene.

“Kiko juu,” akasema. “Shuka.”

Rwamba alipofika chini kabisa, hewa ilikatika. Alipapasa mgongoni. Kishikio kilikuwa chini tayari. Akapiga mateke kuelekea juu huku akipuliza pumzi nje, kama alivyofundishwa, mapafu yasije yakapasuka. Aliibuka akitapika maji. Kando ya kidimbwi, Linda na Munene walikuwa wakicheka.

Mwalimu wao, Bwana Muthamia, alikuja mbio. “Nani amekivuta?”

“Ni yeye, Mwalimu,” Linda alijibu bila haya. “Ameogopa, akakivuta mapema. Mtungi bado una hewa nyingi.”

“Si kweli,” Rwamba alisema akikohoa. “Nimekikuta chini.”

Yeyote anayechezea kishikio hufukuzwa chamani, na Rwamba alilijua hilo. Alimtazama Munene. Munene akatazama miguu yake.

Muthamia aliuchukua mtungi, akamnyooshea Linda. “Una hewa nyingi, sivyo? Basi vaa, ushuke mpaka chini.”

Linda alirudi nyuma.

“Vaa.”

“Mwalimu, tafadhali. Hauna kitu.”

“Umejuaje?”

Linda akaanza kulia. Hakuna aliyembembeleza.

“Nenda nyumbani, na usirudi hapa,” Muthamia alisema. “Munene, fuatana naye. Uliona, ukanyamaza.” Kisha akawageukia waliobaki. “Mtu akikupa mgongo wake umkagulie, amekupa uhai wake. Ukimdanganya hapo, huo si utani. Ni kuua.”

Linda alipita karibu na Rwamba, akanong’ona, “Nisamehe.”

Rwamba alikuwa bado akitema maji. Akageuza uso.